LADU ZA HEKALUNI
Somo katika 1 Wakorintho 8 na 10



Somo la mwezi huu limeletwa na kisanduku cha karatasi. Binti mmoja wa kanisa letu, anayefanya kazi katika duka la Wahindu huko Dar es Salaam, alikuja Kidete kuwaona wazee wake, akaleta kisanduku chenye ladu kumi na mbili. Kwa uaminifu wake alisema kwamba alipewa na tajiri wake baada ya Diwali, na kwamba zilitoka hekaluni. Wakati huo wajukuu walikuwa wamekwisha kula mbili. Babu akaamuru zilizobaki zikatupwe mtoni Mkondoa. Binti akalia, maana alikuwa amewaletea watu wake kitu kizuri. Tena mwakani atapewa tena, naye hajui aseme nini. Jumapili wakaniuliza mimi, kwa kuwa mwalimu mstaafu hudhaniwa kujua kila kitu. Nikaomba muda wa kusoma.

Kwanza tusahihishe maneno. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, awe Mwislamu, Mkristo, Kalasinga au mwingine. Mhindu ni yule afuataye dini ya Kihindu, na ndiye wazee wetu waliyemwita Baniani. Wenye maduka waliofuata reli hii kuja Kilosa hawakuwa wote wa dini moja. Wengi huku bara walikuwa Waislamu wa Kiismailia. Wahindu wa nchi yetu kwa sehemu kubwa asili yao ni Gujarati na Kachchh. Nilipokuwa mtoto niliona Kilosa vitaa vidogo vya mafuta vimepangwa barazani usiku wa Diwali, nasi tukapewa jelebi, tukala, tukakimbia, bila kuuliza habari yoyote. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971 Wahindi wengi waliondoka nchini. Iliyobaki kwetu ni methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, nami sijapata kuipenda, kwa sababu inatufundisha kukitumia kiatu na kumdharau mwenyewe.

Sasa habari ya kufunga. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja wa hesabu alikuwa Mhindu. Mara mbili kwa mwezi alikuja bwaloni akaacha ugali, wali na maharage, akachukua muhogo wa kuchemsha, karanga na chai ya maziwa. Karibu mwaka mzima tulisema, bwana huyu anapenda muhogo. Hakutueleza neno, wala uso wake haukukunjamana. Siku moja mwanafunzi mwenzetu alimtania mbele ya watu, ndipo akajibu kwa utaratibu kwamba ni siku yake ya kufunga. Nikakumbuka Mathayo 6:16-18, nikaona haya.

Siku hiyo huitwa Ekadashi, maana yake ya kumi na moja. Wahindu huhesabu siku kwa mwezi, na kila mwezi una Ekadashi mbili: moja mwezi ukikua kuelekea kuwa mpevu, na moja ukipungua. Kwa kawaida ni ishirini na nne kwa mwaka. Anayefunga huacha nafaka zote na jamii ya kunde: mchele, ngano, mahindi, dengu, choroko. Huruhusiwa matunda, maziwa, viazi na karanga. Huko India hula pia punje ndogo nyeupe zilizotengenezwa kwa wanga wa muhogo; Wahindu wa Afrika Mashariki huula muhogo wenyewe. Wako wasiokula kitu kabisa, na iko Ekadashi moja, kati ya Mei na Juni, ambayo wenye bidii hawanywi hata maji. Ziko na siku nyingine: usiku wa Shiva mwezi Februari au Machi, na siku ya kuzaliwa Krishna mwezi Agosti au Septemba, ambapo watu hufunga mpaka saa sita ya usiku. Lakini si sheria moja kwa wote. Ni nadhiri, kila nyumba, na mara nyingi kila mama wa nyumba, hujiwekea yake.

Tuje kwenye zile ladu. Ladu ni tonge la mviringo la unga wa dengu uliokaangwa kwa samli, likatiwa sukari na iliki. Penda ni maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama udongo wa mfinyanzi. Ladu ikiuzwa dukani ni kitu kitamu tu. Ikipikwa kwa ajili ya hekalu mambo hubadilika. Mpishi huoga kwanza. Hatii nyama, samaki wala yai, na katika mahekalu mengi hata kitunguu na kitunguu saumu havitiwi. Wala haonji, kwa maana hairuhusiwi mwanadamu atangulie kula. Chakula huwekwa mbele ya sanamu, mara nyingi pazia likifungwa kwa muda, kama vile mgeni mkubwa anavyoachwa ale kwa faragha. Kisha huja arati: taa ya tambi za samli huzungushwa mbele ya sanamu, kengele zikilia. Baada ya hayo chakula kile hugawiwa watu wote waliopo, tajiri na maskini, naye apokeaye hunyosha mkono wa kuume. Sasa hakiitwi chakula tena. Kinaitwa prasadi.

Sherehe kubwa ya prasadi ni Annakut, yaani mlima wa chakula, ambayo huja mara baada ya Diwali, mwezi Oktoba au Novemba. Katika mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, sinia hupangwa ngazi juu ya ngazi mbele ya sanamu. Chanzo chake ni hadithi ya Krishna, ambaye akiwa mtoto aliuinua mlima Govardhan kwa kidole kimoja akaushika siku saba kama mwavuli, watu na ng'ombe wakajificha chini yake mvua ya ghadhabu isiwaue. Sisi tulioona maji ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakiibeba reli kati ya Kilosa na Gulwe tunaweza kuelewa kwa nini watu wa mabondeni waitunze hadithi kama hiyo, ingawa hatuiamini.

Basi kisanduku kile yamkini kilitoka kwenye mlima huo. Na hapa ndipo pagumu, kwa kuwa neno prasadi maana yake ni fadhili, neema. Wakristo wa Kikatoliki huko India wasalio kwa Kihindi huiita Ekaristi Param Prasad, yaani prasadi iliyo kuu. Hawakulichagua neno hilo kwa bahati. Walijua kwamba Mhindu akiipokea ladu ile hapokei peremende. Anakula mezani pa mungu wake.

Mtume Paulo aliulizwa neno hili hili na Wakorintho. Katika magofu ya Korintho, penye hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wayunani, wachimbuaji wamekuta vyumba vya kulia vyenye vitanda vya mawe kuzunguka kuta. Watu walialikana humo kama sisi tunavyoalikana harusini. Paulo hakuwajibu kwa neno moja. Katika 8:4-8 akubali kwamba sanamu si kitu na kwamba chakula hakitusogezi kwa Mungu. Lakini 10:21 akataza meza mbili. Kisha 10:25-27 aruhusu vya sokoni, na vya nyumbani kwa jirani asiyeamini, bila kuuliza-uliza. Halafu 10:28: mtu akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili yake yeye aliyekuambia.

Wako wenzangu wasemao, sanamu si kitu, tule, mjadala umekwisha. Nawaheshimu, ila nadhani wamesoma nusu. Wamsahau babu. Yeye ametoka katika nyumba ya tambiko. Tangu wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa na Mamboya katika karne ya 19, Wakristo wa sehemu zetu waliipa mgongo pombe na unga wa makaburini, na wengine walitengwa na ndugu zao kwa ajili hiyo. Mtu aliyekikataa chakula cha mababu zake mwenyewe hawezi kuimeza ladu ya mababu wa wengine kwa sababu tu ina iliki. Huyo ndiye ndugu wa 8:7.

Lakini nasi tulio na ujuzi, tukila prasadi kama biskuti, twamdharau aliyetupa. Yeye ametoa neema, sisi tumepokea sukari. Hiyo nayo si adabu. Na kuitupa mtoni ni vibaya zaidi.

Kwa hiyo nilimjibu binti hivi. Jelebi za dukani, kula. Ukikaribishwa chai nyumbani kwao, kula uwekewacho na ushukuru. Ukiambiwa hii imetoka mbele ya sanamu, shika mikono yako pamoja, inama kidogo, useme, mama, asante sana, dini yangu hainiruhusu. Akashtuka: watakasirika! Nadhani sivyo. Watu wanaoacha wali siku ishirini na nne kwa mwaka, wanaouliza kila sahani ina yai au haina, wanajua kukataa kwa ajili ya Mungu ni nini. Huenda wakamshangaa zaidi Mkristo asiyekataa kitu chochote. Kitabu chetu cha Sala, tangu kile cha 1662, kinataja Ijumaa zote za mwaka kuwa siku za kufunga, isipokuwa Krismasi ikiangukia siku hiyo. Ijumaa iliyopita nilikula kuku.

Zile ladu kumi hazikutupwa wala hazikuliwa. Zilikaa juu ya kabati mpaka sisimizi wakalimaliza shauri. Wale watoto wawili wasisumbuliwe. Walikula bila kuambiwa.

Tutakutana Jumatano baada ya sala ya jioni. Kila mtu asome sura za 8 na 10 zote mbili, na wazee waje tayari kutusimulia tambiko walilolikataa na jinsi walivyolikataa. Binti yupo likizo mpaka mwisho wa juma, naye atakuwapo.