Bunduki ya Hewa Uingereza: Haki na Mipaka ya Mlenga Shabaha

Mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuingia katika duka la silaha mjini Leicester, akaonyesha kitambulisho, akalipa na kutoka na bunduki ya hewa bila leseni yoyote. Mwenzake wa Glasgow akinunua bunduki hiyohiyo bila cheti cha polisi, ametenda kosa linaloweza kumfikisha jela. Wote wawili wanaishi chini ya bendera moja na hubeba pasipoti moja.

Kwa Waswahili wengi waliohamia Uingereza, habari hii inashangaza. Wapo wanaouogopa mchezo wa kulenga shabaha wakidhani kila bunduki ni haramu kwa raia, na hivyo kuwanyima watoto wao nafasi katika klabu iliyo halali. Wapo pia wanaosikia kwamba haihitaji leseni, wakaichukulia bunduki ya hewa kama kitu cha kuchezea. Hawa wa pili ndio wanaojikuta mbele ya hakimu. Sheria imempa mlenga shabaha haki ya kweli, lakini imeifungia haki hiyo ndani ya mambo manne: nguvu ya silaha, mahali inapotumika, umri wa anayeishika na namna inavyosafirishwa.

Mchezo wenyewe una heshima yake. Bunduki ya hewa ya mita 10 imo katika Michezo ya Olimpiki tangu Los Angeles 1984. Shabaha yake ina upana wa milimita 45.5, na alama ya 10 katikati ni kitone cha nusu milimita. Katika baa za maeneo ya kati ya England bado zipo timu zinazolenga kitundu kisichofika sentimita moja kwenye bamba la chuma, kutoka yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu. Risasi ikipenya, kengele iliyo nyuma ya bamba hulia na kila aliyepo anajua nani kapata. Chama cha kitaifa cha mchezo huu, NSRA, chenye makao yake Bisley katika jimbo la Surrey, kilianzishwa 1901 kikiwa jumuiya ya vilabu vya wafanyakazi wa kawaida. Mlango wake haukuwahi kuwa wa matajiri peke yao.

Nguvu: mpaka usioonekana kwa macho

Msingi wa yote ni Sheria ya Silaha ya 1968. Katika England na Wales, bunduki ya hewa haihitaji cheti ikiwa nguvu ya risasi inapotoka kwenye mdomo wa mtutu haizidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27. Kwa bastola ya hewa kikomo ni futi-pauni 6, sawa na jouli 8.13. Bunduki ikizidi hapo, mwenyewe lazima awe na cheti cha silaha kutoka polisi, sawa na mwenye raifo ya risasi za baruti. Bastola ikizidi kikomo chake, inaingia katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku.

Mpaka huu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547 ikitoka kwa mwendo wa mita 241 kwa sekunde hubeba karibu jouli 15.9, na bunduki hiyo ni halali. Ikitoka kwa mita 247 hubeba karibu jouli 16.7, na mwenye bunduki tayari anahitaji cheti. Tofauti hiyo ya mita 6 kwa sekunde haisikiki sikioni wala haihisiwi begani. Inaweza kuletwa na springi mpya, na fundi aliyekaza mahali pasipostahili, au hata na kubadili aina ya risasi.

Kumiliki bunduki ya daraja hilo bila cheti kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5, na mahakama haimwachii mtu kwa sababu tu hakujua. Ndiyo maana anayenunua bunduki iliyokwisha kutumika ana kila sababu ya kutaka ipimwe kwa kipima mwendo kabla ya kutoa pesa. Vilabu vingi vina kifaa hicho, na kipimo huchukua dakika chache. Akiona silaha ya zamani inayotumia katriji yenye hewa iliyojazwa ndani yake, aiache hapohapo: aina hiyo ilipigwa marufuku 2004, na waliokuwa nazo walitakiwa kuombea cheti mwaka huohuo.

Mnunuzi ajue pia kwamba muuzaji wa biashara lazima awe amesajiliwa na polisi, na kwamba makabidhiano hufanywa ana kwa ana. Bunduki inaweza kuagizwa kwenye mtandao, lakini duka linaloahidi kuituma kwa posta moja kwa moja hadi mlangoni kwa mteja linavunja sheria.

Uani kwake, si uani kwa jirani

Swali linaloulizwa zaidi ni hili: je, mtu anaweza kulenga shabaha katika ua wa nyumba yake? Katika England na Wales jibu ni ndiyo. Sheria haijataja ukubwa wa ua, wala haimtaki mwenye nyumba kuomba ruhusa ya polisi au ya jirani. Mpangaji anayekaa nyumba yenye ua wake mwenyewe ana haki hiyohiyo, ila asome mkataba wake, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kuwa ameweka sharti la kukataza silaha. Bustani ya pamoja ya jengo la ghorofa ni habari nyingine, kwani hapo wakazi wengine nao wana haki ya kupita.

Kinachokatazwa ni risasi kuvuka mpaka. Kurusha risasi ikatoka nje ya eneo ambalo mlengaji ana ruhusa ya kulitumia ni kosa, hata kama haikumgusa mtu wala paka, isipokuwa mwenye eneo la pili ameridhia. Risasi ya bunduki halali inaweza kwenda mamia ya mita, na uzio wa mbao nyembamba si kinga. Anayetaka kutumia ua wake aweke nyuma ya shabaha kitu cha kuinasa risasi, kama sanduku la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo au kisanduku kipana kilichojaa mchanga. Asilenge jiwe au ukuta wa matofali, kwa sababu risasi hudunda na kumrudia aliyeifyatua.

Pamoja na hayo, ni kosa kufyatua ndani ya futi 50, yaani kama mita 15, kutoka katikati ya barabara ya umma ikiwa kitendo hicho kimemjeruhi, kimemsumbua au kimemhatarisha mtumiaji wa barabara. Kosa hili linahusu barabara ipitwayo na magari, si njia ya waendao kwa miguu peke yao. Kuingia na bunduki ya hewa katika shamba au jengo la mtu bila ruhusa ni kosa la jinai linalojitegemea, hata kama bunduki haina kitu ndani. Ndege wa porini wanalindwa na sheria ya 1981, kwa hiyo kijana anayemlenga ndege mtini kwa kujifurahisha tayari amejiingiza katika kesi.

Watoto, na wajibu wa mzazi

Chini ya miaka 18, mtu haruhusiwi kununua bunduki ya hewa, kuikodi wala kupewa zawadi. Mjomba anayemletea mpwa wake wa miaka 15 bunduki siku ya Idi au Krismasi ikawa mali ya kijana anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema. Silaha inapaswa kuwa mali ya mtu mzima, kwa kawaida mzazi au mlezi, na kijana akaazimwa.

Mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kulenga shabaha katika eneo binafsi lenye ruhusa, akiwa chini ya uangalizi wa mtu mwenye miaka 21 au zaidi. Mwangalizi huyo anabeba lawama kisheria endapo ataiacha risasi ivuke mpaka. Kuanzia miaka 14 hadi 17, sheria inamruhusu kijana kutumia bunduki ya kuazima katika eneo binafsi bila msimamizi, mradi mwenye eneo ameruhusu. Mzazi mwenye busara atasimama karibu hata hivyo.

Tangu tarehe 10 Februari 2011, anayemiliki silaha ya hewa ana wajibu wa kuchukua tahadhari za kuridhisha ili isifikiwe na mtu wa chini ya miaka 18 asiyeruhusiwa kuwa nayo. Akizembea, faini inaweza kufika pauni 1,000. Kuiegemeza nyuma ya kabati au kuisukuma uvunguni mwa kitanda hakutoshi katika nyumba yenye watoto. Kabati lenye kufuli au kebo ya chuma inayopita kwenye kinga ya kichocheo, na risasi zikawekwa mahali pengine, ni gharama ndogo ukilinganisha na jicho la mtoto.

Njiani, na mbele ya polisi

Kuwa na bunduki ya hewa hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, iwe na risasi au haina. Kuipeleka klabuni, kuileta kutoka dukani au kuipeleka kwa fundi ni sababu inayoeleweka. Kuizungusha mtaani kuwaonyesha marafiki si sababu. Isafirishwe bila risasi ndani, katika mfuko au sanduku lililofungwa vizuri, na safari iwe ya moja kwa moja. Kwa mbali, bunduki ya hewa haina tofauti na raifo ya kivita, na mpita njia akipiga simu 999 wanaofika huenda wakawa askari wenye silaha. Katika hali hiyo, mtu aache kila kitu, aonyeshe mikono na afuate maagizo. Mjadala wa haki utakuja baadaye.

Polisi mwenye sababu ya kushuku kwamba mtu ana silaha mahali pa umma anaweza kumtaka aikabidhi ichunguzwe, na kukataa ni kosa. Hata hivyo, kabla ya kupekua, askari anapaswa kueleza sababu ya kumsimamisha mtu, kitu anachokitafuta, jina lake au namba yake, kituo chake na sheria anayoitumia. Asipovaa sare, aonyeshe kitambulisho. Aliyepekuliwa ana haki ya nakala ya kumbukumbu ya upekuzi huo, na anaweza kuiomba ndani ya miezi 3.

Akipelekwa kituoni katika England au Wales, ana haki ya wakili bila malipo, awe na kipato au hana. Haki hiyo ipo hata kwa anayeitwa kuhojiwa kwa hiari bila kukamatwa. Asiyejiweza kwa Kiingereza ana haki ya mkalimani, naye analipwa na polisi. Hakuna aibu kusema, "Nahitaji mkalimani wa Kiswahili," hata kwa mtu anayeelewana vizuri na majirani na wafanyakazi wenzake, kwa kuwa Kiingereza cha sokoni si Kiingereza cha mahojiano ya jinai. Asitie saini maelezo asiyoyaelewa.

Kwa asiye raia, hatari ni kubwa zaidi. Hukumu ya jinai huzingatiwa katika maombi ya makazi na uraia, na mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi huangukia chini ya sheria ya 2007 ya kurejeshwa kwao. Yeyote aliyewahi kufungwa ajue jambo jingine: aliyehukumiwa miaka 3 au zaidi haruhusiwi kumiliki silaha yoyote maisha yake yote, ya hewa ikiwemo. Aliyehukumiwa kati ya miezi 3 na miaka 3 anazuiwa kwa miaka 5 baada ya kutoka. Kifungo cha nje cha miezi 3 au zaidi nacho huleta zuio la miaka 5.

Ukivuka mpaka wa Scotland

Machi 2005, mtoto wa miaka 2 alipigwa kichwani kwa bunduki ya hewa mjini Glasgow, akafariki. Familia yake ilipigania mabadiliko kwa miaka mingi, na Bunge la Scotland likapitisha sheria mpya 2015. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, kila silaha ya hewa yenye nguvu ya zaidi ya jouli 1 inahitaji cheti kutoka Polisi wa Scotland, na mwombaji lazima aonyeshe sababu nzuri ya kuitaka. Kukaa nayo bila cheti kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 2. Kabla ya sheria kuanza, wananchi walirudisha zaidi ya bunduki 11,000 kwa hiari.

Mkazi wa England anayekwenda kulenga shabaha Scotland aombe kibali cha mgeni mapema, isipokuwa yumo katika msamaha uliowekwa na sheria, kama ule wa wanachama wa klabu zilizoidhinishwa. Ireland ya Kaskazini nako kikomo ni jouli 1, na kinachohitajika ni cheti kamili cha silaha.

Anayefikiria kuibeba bunduki yake akirudi nyumbani likizo asitegemee sheria ya England. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kibali cha kuingiza silaha hutafutwa kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, na shirika la ndege huarifiwa mapema. Asiye na kibali mkononi aiache Uingereza, ndani ya kabati lenye kufuli, na funguo azikabidhi kwa mtu mzima anayemwamini.