Kirai Kielezi Kikae Wapi katika Sentensi ya Kiingereza?

Soma sentensi hii kama mtahini atakavyoisoma: "I saw an elephant walking to school." Kwa mwanafunzi wa kijiji cha Karatu kinachopakana na msitu wa Ngorongoro, kukutana na tembo asubuhi si mzaha. Lakini kwa jinsi sentensi ilivyoandikwa, anayekwenda shule ni tembo.

Chanzo cha kosa ni Kiswahili chako. Ukisema "Nilimwona tembo nikienda shule," kiambishi ni- katika "nikienda" kinaonyesha kwamba aendaye ni wewe. Ukisema "akienda", ni tembo. Kitenzi cha Kiingereza chenye -ing hakibebi nafsi: "walking" ni ileile kwa mimi, wewe na tembo. Kwa hiyo msomaji hukabidhi kirai kwa nomino iliyo jirani. Kirai kikianza sentensi, hukikabidhi kwa kiima kinachofuata mkato: "Walking to school, I saw an elephant." Unaweza pia kuandika "I saw an elephant while I was walking to school." Kama una shaka chumbani, chagua hii ya pili, kwa kuwa kiima kimetajwa wazi.

Sasa pima hii: "Driving down into the crater, a lion appeared." Nani alikuwa anaendesha gari? Baada ya mkato kuna "a lion", basi dereva ni simba! Sahihi ni "Driving down into the crater, we saw a lion."

Kosa la pili halichekeshi, lakini hupoteza alama nyingi zaidi. Kiswahili kinakuruhusu kusema "Mama aliuza jana vitunguu." Kiingereza hakipendi kirai kitenganishe kitenzi na yambwa yake, hasa yambwa ikiwa fupi. Usiandike "Mother sold yesterday the onions." Andika "Mother sold the onions at Mang'ola yesterday." Kitenzi, yambwa, ndipo mahali na wakati. Ndiyo maana "I speak very well English" ni kosa, hata kama kila neno ndani yake ni sahihi.

Virai vikiwa vingi mwishoni, mpangilio wa kawaida ni namna, mahali, wakati: "The guide spoke clearly at the gate this morning." Vitenzi vya mwendo, kama "go" na "come", hupenda mahali kutangulia: "We went to Arusha by bus yesterday." Wakati unaweza pia kupelekwa mwanzoni. "Mary Leakey found a skull at Olduvai on 17 July 1959" inaweza kuwa "On 17 July 1959, Mary Leakey found a skull at Olduvai." Zote ni sahihi, ya pili inafaa zaidi kwenye insha inayosimulia matukio kwa mfuatano.

Maneno ya mara ngapi, kama "usually" na "often", hukaa kabla ya kitenzi kikuu, lakini baada ya "is" au "are": "Visitors from Karatu usually enter through Lodoare Gate", "The crater rim is often cold."

Jihadhari pia na kirai kinachotazama pande mbili. "The driver told us on Monday the road was closed." Jumatatu ni siku ya kuambiwa au ya barabara kufungwa? Mgeni aliyelipia safari anahitaji jibu, na mtahini vilevile. Kama ni siku ya kuambiwa, andika "On Monday, the driver told us that the road was closed."

Zoezi. Sahihisha:
1. "He bought in Karatu a bicycle."
2. "Climbing the hill, the bus broke down and we got off."
3. "We saw near the lake yesterday flamingos."

Katika namba 2, jiulize kwanza nani alikuwa anapanda kilima. Kama ni basi lenyewe, sentensi haina kosa, iache ilivyo.