KUTUMIA TENA UNGA WA MAKUMBI

Katika kitalu nyumba cha shule yetu nyanya hazipandwi udongoni. Hupandwa katika mifuko iliyojaa unga wa makumbi, yaani unga unaobaki makumbi ya nazi yakisha kutolewa nyuzi za kusokotea kamba. Kwa kuwa unga huo hununuliwa kwa fedha nyingi, yafaa utumike zaidi ya msimu mmoja. Lakini napenda kueleza kosa nililolifanya, ili wengine wasilirudie.

Mwisho wa msimu wa kwanza, mimea minne ya pembeni ilinyauka ghafula, majani yake yangali mabichi. Mimi, niliyekuwa kiongozi wa chama cha kilimo, sikujali. Niliwaambia wenzangu wamwage mifuko yote mahali pamoja, wachanganye unga, kisha tukapanda nyanya tena. Kabla hazijaiva, zaidi ya nusu ya mimea ilikufa. Mwalimu alikata shina moja akalitumbukiza katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka kutoka penye mkato. Hiyo ndiyo dalili ya mnyauko wa bakteria. Unga wote tuliuzika shimoni, mbali na bustani. Fedha nilizotaka kuziokoa zikapotea mara mbili.

Basi, sasa twafuata utaratibu huu:

1. Kila mfuko una namba yake. Daftari huonyesha ulipandwa nini, na kama mmea wake uliugua. Mfuko wa mmea ulionyauka hautumiwi tena.

2. Mizizi ya zamani huondolewa, maana maradhi hujificha humo.

3. Unga husuuzwa kwa maji mengi safi, ili chumvi ya mbolea itoke.

4. Ukiwa bado na unyevu, hutandazwa kimo cha shubiri moja, hufunikwa kwa plastiki angavu, na huachwa juani wiki sita. Joto huua vijidudu vingi, lakini si vyote.

5. Unga uliooza na kushikamana huinyima mizizi hewa. Kwa hiyo huchanganywa na mpya.

6. Baada ya nyanya hatupandi biringani wala pilipili, kwani ni za jamii moja. Twapanda matango au saladi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ile mimea minne ilikuwa ufa, nami niliuona nikaupita. Mwalimu hakunikaripia, alinikabidhi daftari la mifuko, na hata leo nalishika mimi.