Hesabu Meno Kabla ya Kutoa Hela



Wadogo zangu wa Mwadui na Maganzo, leo namjibu mdogo wangu anayebeba magunia ya dengu na choroko kwa pikipiki. Fundi amemwambia abadilishe sproketi ili pikipiki ipate nguvu, naye anaogopa kuliwa hela. Fundi hajakudanganya, mdogo wangu, ila nguvu hiyo ina gharama yake, na unaweza kuipigia hesabu mwenyewe.

Chuchumaa uhesabu meno. Tuseme sproketi ya mbele ina 14 na ya nyuma 42. Gawa 42 kwa 14, unapata 3: ya mbele huzunguka mara 3 ndipo tairi la nyuma lizunguke mara 1. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, jibu ni 3.21. Mvuto umeongezeka kama asilimia 7, lakini spidi imeshuka: kwa mzunguko uleule wa injini, ulipokuwa unakwenda 60 sasa utakwenda 56. Injini ni ileile. Umetoa spidi, umepata mvuto.

Ukiiacha ya nyuma na kupunguza jino moja mbele, 42 kwa 13 ni 3.23. Jino moja la mbele linafanya kazi ya meno matatu ya nyuma! Na nyie wa Mwadui hamhitaji kuambiwa kwamba kidogo si haba: ile almasi ya waridi iliyopatikana mgodini kwenu mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, yaani gramu 10.9 tu.

Ushauri wangu ni huu. Kama unabeba magunia siku za mnada tu, usibadilishe kitu. Shusha gia mapema, kabla hujaingia kwenye tope la mbuga. Kama mzigo ni wa kila siku, ongeza meno ya nyuma, hata kama cheni itadai pingili zaidi. Sproketi ndogo ya mbele ni rahisi kununua, lakini hukunja cheni sana na kuila haraka. Kama cheni imekwisha, badilisha seti nzima. Na tafadhali, usiongeze gunia kwa sababu mvuto umeongezeka. Breki zako ni zilezile.

Ukishafunga, pima mafuta. Jaza tangi, andika kilomita, fanya kazi wiki nzima, kisha jaza tena hadi palepale. Kilomita 210 kwa lita 6 ni kilomita 35 kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, kila kilomita inakula kama shilingi 86. Safari ya jumla ya kilomita 20, kwenda na kurudi, imemeza zaidi ya 1,700 kabla hujaweka pembeni hesabu ya bosi. Nunua daftari dogo, uandike hayo kila wiki, na usikubali nauli ya mzigo kabla hujalifungua.