Utabibu wa Wanawake: Walivyofanya Waliotutangulia

Ndugu msomaji, wako miongoni mwetu wanawake wafichao maradhi ya uzazi kwa kuona haya, na waume zao huwanyamazia wakidhani kunyamaza huko ndiyo dini. Basi na tutazame waliotutangulia walifanyaje.

Hatusemi kuwa elimu hii ilianzwa na Waislamu. Katika karne ya 2 ya Masihi, tabibu wa Kiyunani aitwaye Soranus alitunga kitabu cha maradhi ya wanawake, akasema yampasa mkunga ajue kusoma. Matabibu wetu waliipokea elimu ya Wayunani, wakaipima, wakaizidisha.

Mmoja wao ni Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina makala 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo mna picha za vyombo vya kazi, na miongoni mwavyo ni chombo chenye skurubu cha kupanulia njia ya uzazi. Mna pia mlango wa kuwafundisha wakunga namna ya kumtoa mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Tena asimulia habari ya mwanamke aliyefiwa na mimba mbili tumboni, kisha akavimba kitovuni, pakatoka usaha. Katika kumtibu akaona mfupa, na tumbo halina mifupa! Akatambua kuwa ni mifupa ya mtoto aliyekufa, akaitoa, na mwanamke yule akaishi.

Wala hakuidharau haya. Akieleza kumtoa mwanamke kijiwe cha kibofu, asema ni kazi ngumu, kwani mwanamke msitirifu hajifunui kwa mwanamume, na matabibu wa kike ni haba. Lakini hakusema aachwe. Asema atafutwe tabibu mwanamke. Akikosekana, aje tabibu mwaminifu pamoja na mkunga hodari, amwelekeze la kufanya.

Na katika karne ya 12, dada yake tabibu Abu Bakr ibn Zuhr, pamoja na binti wa dada huyo, walikuwa mabingwa wa kutibu wanawake, wakiwatibu wa nyumba ya Khalifa al-Mansur.

Basi dawa ya haya si kunyamaza, ni kusomesha. Amzuiaye bintiye kujifunza utabibu, kisha akanung'unika kuwa mkewe atibiwa na mwanamume, amlaumu nani? Kuwapata matabibu wa kike ni faradhi kifaya. Tukiipuuza sote, sote tuna dhambi. Na mwenye mgonjwa nyumbani asingoje: ampeleke leo, kwani dharura ina hukumu yake.

Wabillahi tawfiq.