Kukadiria uchafu wa maji katika kisima kisichopimwa

Ushirika ukiwa na visima 12 na karatasi 5 tu za kupimia nitrati, mutafanya nini na visima 7 vinavyobaki?

Nitrati inatoka kwa vyoo, kwa zizi la ng'ombe na kwa mbolea nyingi. Haina rangi wala harufu. OMS inasema isipite miligramu 50 katika litre moja. Hatari kubwa iko kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji hayo: damu yake inashindwa kubeba hewa vizuri, midomo inakuwa ya bluu. Na wamama wajue hili: kuchemsha maji hakuondoe nitrati. Maji yanapungua kwenye sufuria, nitrati inabaki yote.

Sasa hesabu. Kisima kilicho karibu kina sauti kubwa kuliko cha mbali. Tuweke mfano: kisima cha kwanza kiko metre 100 toka kwa kile tunachotafuta, kina 20, cha pili kiko metre 200, kina 60. Umbali ukizidi mara mbili, tunapunguza nguvu mara nne. Basi tunahesabu 20 mara nne, tunaongeza 60, tunapata 140. Tunagawanya kwa 5: ni 28.

Ni muzuri? Ngojeni kwanza. Hesabu inajua metre tu, haijue mteremko. Mara nyingi maji ya chini ya udongo yanashuka sawa na ya juu. Kama kisima chetu kiko chini ya kile cha 60, ile 28 inadanganya. Kwenye mawe ya volkano, kama kandokando ya Goma, ni mbaya zaidi, kwani maji yanapita ndani ya mipasuko.

Injenieri Danie Krige wa Afrika ya Kusini alikutana na shida ya namna hii katika migodi ya dhahabu. Mfaransa Georges Matheron akaendeleza kazi yake, akaiita krigeage. Inataka ordinateri na vipimo vingi. Sisi tunaweza kuanza na jaribio dogo. Ficheni kipimo cha kisima kimoja, mukihesabu kwa kutumia vingine, kisha mulinganishe. Tofauti ikiwa kubwa, musitegemee hesabu pale: karatasi inayofuata iende huko, kwanza kwa kisima cha nyumba yenye mtoto mchanga. Andikeni na tarehe. Kipimo cha kiangazi musikichanganye na cha wakati wa mvua.