Somo la 14: Kifundo cha Redio Kinachotumia Nguvu za Jua

Utazame wavu wa mvuvi. Uzi mmoja ukikatika, wavu hausambaratiki, kwa sababu kila kifundo kimeshikana na vingine kwa njia zaidi ya moja. Mtandao wa redio tunaojifunza leo umejengwa vivyo hivyo. Simu za mkononi hutegemea mnara. Mnara ukiangushwa na mafuriko au ukikosa umeme, simu zinazoutegemea hunyamaza. Katika mtandao wa wavu hakuna mnara mkuu. Kila redio ndogo hupokea ujumbe na kuupitisha kwa jirani zake. Redio hiyo tutaiita kifundo.

Programu moja inayofanya kazi hiyo ni Meshtastic, iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020. Hupeleka maandishi mafupi, wala si mazungumzo ya sauti. Ujumbe unapotoka hubeba namba, kwa kawaida 3. Kila kifundo kinachoupitisha hupunguza 1. Namba ikifika 0 ujumbe haupitishwi tena. Aidha, kifundo hukumbuka ujumbe ambao kimekwisha kuupokea, kisije kikaurudia. Fikiri, ingekuwaje kama kila kifundo kingerudia kila kinachosikia bila kikomo?

Antena

Mawimbi ya redio husafiri meta 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa masafa, utapata urefu wa wimbi. Ulaya hutumia megahezi 868, hivyo wimbi lina urefu wa sentimeta 34.6 hivi. Antena nyepesi huwa robo ya urefu huo, yaani sentimeta 8.6. Kila nchi ina masafa yake yanayoruhusiwa. Kabla ya kununua redio, mwalimu wako aulize mamlaka ya mawasiliano.

Usiwashe redio kabla ya kufunga antena. Nguvu isiyopata njia ya kutoka hurudi ndani na huweza kuiharibu.

Betri na paneli ya jua

Hapa ndipo vifundo vingi hushindwa. Tuseme redio yetu hutumia miliampea 20 kwa wastani. Kwa saa 24 itatumia 20 × 24 = 480, yaani miliampea-saa 480. Betri ya lithiamu ya miliampea-saa 3000 itadumu siku 6 bila jua.

Sasa tupime paneli ya wati 1 na volti 5. Hutoa miliampea 200. Ikipata jua kali kwa saa 5, itatoa miliampea-saa 1000. Lakini vumbi, mawingu na joto hula sehemu kubwa. Tukitoa nusu, zinabaki 500. Zinatosha, ila kwa shida sana! Wiki moja ya masika itaizima redio. Afadhali paneli ya wati 2.

Kati ya paneli na betri pana kidhibiti, ambacho husimamisha chaji betri ifikapo volti 4.2. Kamwe usiiache sehemu hiyo ili kupunguza gharama. Betri ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi, iliyotobolewa, au ambayo ncha zake zimegusana, huweza kuwaka moto. Mwalimu awepo unapoiunganisha.

Kufunga nje

Chagua kisanduku cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko. Kisanduku cha bati hakifai kwa antena iliyo ndani, maana chuma huzuia mawimbi. Tundu za waya ziwe upande wa chini, maji yasiingie. Paneli ikae juu ya kisanduku iwe kivuli chake, kwani joto huichosha betri. Nchi yetu iko kusini ya Ikweta. Basi paneli iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini, na mvua itaiosha vumbi.

Antena isimame wima mahali pa juu, ambapo miti haiikingi. Kazi ya kupanda aifanye mtu mzima, na isifanywe wakati wa radi.

Zoezi

1. Tafuta robo ya urefu wa wimbi la megahezi 915.
2. Redio nyingine hutumia miliampea 100. Betri yetu itadumu saa ngapi?
3. Vifundo A, B, C, D, E na F vimepangwa mstari mmoja, na kila kimoja husikia jirani zake tu. A kinatuma ujumbe wenye namba 3. Je, F kitaupata? Chora mchoro, kisha uonyeshe mahali ambapo ungeweka kifundo kimoja zaidi, juu ya kilima.